Selimundu: Nani Kasema, na Kajuaje?



Shukrani zote njema anastahiki Allah (s.w.t.), Muumba wa kila kilicho hai, kikubwa na kidogo. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), ahli zake na maswahaba zake wote.

Ndugu wasomaji, wanafunzi na wazazi wetu. Katika toleo hili tumeona tuzungumzie jambo lililomo ndani ya nyumba nyingi lakini husemwa kwa kunong'ona. Nalo ni ugonjwa wa selimundu, ambao wengi tunauita siko seli. Mtoto analia usiku kucha kwa maumivu ya mifupa. Macho yamegeuka rangi ya njano, vidole vimevimba. Jirani wa kwanza anasema ni jini. Wa pili anasema mtoto karogwa na ndugu wa upande wa baba. Wa tatu anamlaumu mama. Wa nne kaletewa ujumbe kwenye simu kwamba ipo dawa ya mizizi inayomaliza ugonjwa huu kwa siku saba.

Wote hao wanasema kwa uhakika. Lakini sisi tunaosoma dini tumefundishwa kuuliza kabla ya kupokea: nani kasema, na kajuaje? Katika Suratul Hujurat, ayah ya 6, tumeamrishwa kuzihakiki habari tusije tukawadhuru watu kwa kutojua, kisha tukajuta. Na habari za ugonjwa wa mtoto ni miongoni mwa habari zinazoweza kudhuru.

Basi tutaeleza selimundu ni nini, habari zake zilipatikanaje, wataalamu huzihakiki vipi kabla ya kuzichapisha, na sisi tufanye nini.

CHEMBE YENYEWE

Mwili wa mwanadamu umejengwa kwa chembe ndogo mno ziitwazo seli. Chembe nyekundu za damu ni aina mojawapo. Chembe moja ina umbo la duara lililobonyea katikati, na ndani yake zimo himoglobini zipatazo milioni 270. Himoglobini ndiyo inayochukua hewa ya oksijeni kwenye mapafu na kuipeleka kila mahali mwilini. Chembe nyekundu ni laini. Ikifika kwenye mshipa mwembamba kuliko yenyewe hujikunja, hupita, kisha hurudi katika umbo lake. Huishi kwa muda wa siku 120 hivi.

Kwa mwenye selimundu, himoglobini ina kasoro ndogo. Ikishaiachia oksijeni, hushikana na wenzake na kufanya nyuzi ngumu ndani ya chembe. Chembe hupinda ikawa kama mundu wa kuvunia mpunga, na ndipo lilipotoka jina lenyewe. Chembe iliyopinda haikunjiki. Hukwama kwenye mishipa myembamba, damu haipiti, na hapo ndipo maumivu yanapoanza. Aidha, chembe hizo hupasuka mapema, baada ya siku 10 hadi 20 tu. Kwa sababu hiyo mgonjwa hupungukiwa na damu, na macho yake huwa ya njano.

Hakuna jini hapo wala shangazi. Ni chembe iliyopinda, na inaonekana kwa hadubini.

ISNADI YA HABARI HII

Wanafunzi wetu wanajua kuwa hadithi huwa na matini na isnadi. Matini ni maneno yenyewe, na isnadi ni mlolongo wa wapokezi: fulani kapokea kwa fulani, naye kwa fulani. Wanazuoni walichunguza kila mpokezi, je, ni mkweli, ana hifdhi nzuri, alikutana kweli na aliyempokelea? Hatusemi kwamba utafiti wa wanadamu unalingana na hadithi za Mtume (s.a.w.). Tunasema tu kuwa desturi ya kudai ushahidi siyo ngeni kwetu. Sasa tuitazame habari ya selimundu kwa desturi hiyo hiyo.

Mwaka 1910, daktari James Herrick wa Chicago, Marekani, alichapisha makala juu ya kijana mmoja mwanafunzi aliyetoka kisiwa cha Grenada. Katika damu yake zilionekana chembe zilizopinda kama mundu. Herrick aliandika alichokiona, na hakudai kujua sababu.

Mwaka 1949, Linus Pauling na wenzake walichapisha katika jarida la Science kwamba kasoro imo ndani ya himoglobini. Waliipitisha himoglobini kwenye umeme wakaona kuwa ya wagonjwa haisafiri sawasawa na ya wazima. Kisha miaka ya 1956 na 1957, Vernon Ingram alionyesha katika jarida la Nature kasoro iko wapi hasa. Mnyororo mmoja wa himoglobini una viungo 146 viitwavyo asidi amino. Kwa mgonjwa, kiungo cha sita tu ndicho kilichobadilika. Subhanallah! Kiungo kimoja katika 146, na maisha ya mtoto yanabadilika.

Tazameni mpango wake. Mmoja aliona, wa pili akapima, wa tatu akapata mahali penyewe. Kila mmoja aliweka jina lake, akaeleza alivyofanya, ili anayetilia shaka arudie mwenyewe.

AFRIKA MASHARIKI NDANI YA MLOLONGO HUO

Isidhaniwe kuwa habari hii ni ya Ulaya na Marekani peke yake. Mwaka 1946, daktari E. A. Beet, aliyefanya kazi Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia jirani yetu, aliandika juu ya selimundu katika East African Medical Journal, jarida la huku kwetu.

Akafuata Anthony Allison, aliyekulia Kenya. Kuanzia mwaka 1949 alipima damu za watu wa makabila mengi ya Afrika Mashariki. Aligundua kuwa karibu na pwani na karibu na Ziwa Victoria wapo watu wengi wanaobeba jeni ya selimundu bila kuugua, lakini katika nyanda za juu zenye baridi ni wachache sana. Akajiuliza, kwa nini? Akaona kuwa ramani ya wabebaji inafanana na ramani ya malaria.

Hakuishia kwenye dhana. Alipima watoto 290 karibu na Kampala. Kati ya watoto 43 waliobeba jeni hiyo, 12 walikuwa na vimelea vya malaria. Kati ya 247 wasioibeba, waliokuwa na vimelea ni 113. Yaani kama 28 kwa mia, dhidi ya 46 kwa mia. Mwaka 1954 alichapisha katika British Medical Journal kwamba kubeba jeni moja ya selimundu kunamkinga mtu na malaria kali.

Je, wenzake walimpokea kwa kumsifu tu? Hapana. Wapo waliorudia majaribio ya aina yake wakapata majibu tofauti, wakampinga kwa maandishi. Mjadala ulidumu miaka mingi. Miongoni mwa tafiti zilizoondoa shaka ni ule wa Kilifi, pwani ya Kenya, uliochapishwa mwaka 2005 na Thomas Williams na wenzake. Waliwafuatilia watoto kwa muda mrefu, wakaona kuwa mtoto mbebaji ana kinga ya karibu asilimia 90 dhidi ya malaria kali.

Ikabaki swali la kinga hiyo inafanyaje kazi. Mwaka 2011, watafiti wa Heidelberg, Ujerumani, wakishirikiana na wenzao wa Burkina Faso, walitoa sehemu ya jibu katika jarida la Science. Kimelea cha malaria kikiingia ndani ya chembe nyekundu hujijengea njia za kupitishia mizigo yake hadi kwenye ukuta wa nje, ili chembe inate kwenye mishipa. Ndani ya chembe yenye himoglobini ya selimundu, ujenzi huo huvurugika, na kimelea hushindwa kupanga mizigo yake. Hata hivyo wataalamu bado wanaendelea kuchunguza, kwani njia za kinga ni zaidi ya moja.

MAKALA HUCHAPISHWAJE?

Huenda msomaji akauliza, jarida la kitaaluma linatofautianaje na gazeti la mtaani? Utaratibu wake kwa ufupi ni huu:

1. Mtafiti huandika makala na kueleza kila hatua: alipima watu wangapi, kwa kifaa gani, akahesabu vipi.

2. Mhariri huwatumia wataalamu wengine, kwa kawaida wawili au watatu, waihakiki. Mara nyingi hawalipwi, na mwandishi hawajui.

3. Wahakiki huuliza maswali na kuonyesha mapungufu. Makala hurudishwa ikarekebishwe, au hukataliwa kabisa. Kazi hiyo huweza kuchukua miezi mingi.

4. Ikishachapishwa, watafiti wengine popote duniani huweza kuirudia kazi ile na kuipinga.

Zamani majarida mengi yalikuwa yamefungiwa, na kuyasoma kulihitaji fedha ambazo vyuo vyetu havikuwa nazo. Mwaka 2002 Shirika la Afya Duniani na wachapishaji walianzisha mpango wa Hinari, ili taasisi za nchi maskini zisome bure au kwa bei ndogo. Mwaka 2003 lilitoka jarida la kwanza la shirika la PLoS, ambalo kila mtu analisoma bure kwenye intaneti. Tangu mwaka 2013 pia upo mtandao uitwao bioRxiv, ambapo watafiti wa biolojia huweka makala zao kabla hazijahakikiwa. Una faida ya kuharakisha elimu, lakini msomaji ajue kuwa hizo ni habari ambazo wapokezi wake bado hawajachunguzwa.

Na hata iliyohakikiwa yaweza kuwa na kasoro. Mwezi Januari 2014, jarida la Nature lilichapisha makala mbili kutoka Japani zilizodai kuwa chembe za kawaida zikitiwa kwenye asidi hafifu hugeuka kuwa seli shina, yaani zile ziwezazo kuwa chembe za aina yoyote. Dunia nzima ilishangilia. Maabara nyingine zilijaribu, hazikupata kitu. Mwezi Julai mwaka huo huo makala hizo zilifutwa. Aidha, yapo majarida ya ulaghai yanayopokea fedha za mwandishi na kuchapisha lolote bila uhakiki. Kwa hiyo kuandikwa peke yake hakutoshi. Lakini tofauti ni kwamba elimu hii ina mlango wa kurudisha uongo nje, na ujumbe wa simu hauna.

UTAFITI WA KWETU TANZANIA

Inakadiriwa kuwa watoto wapatao 11,000 huzaliwa na selimundu kila mwaka hapa Tanzania. Nchi yetu ni miongoni mwa zenye wagonjwa wengi zaidi duniani.

Mwaka 2004, Profesa Julie Makani na wenzake wa Muhimbili, Dar es Salaam, walianza kuwaandikisha wagonjwa na kuwafuatilia. Katika miaka mitano waliandikisha wagonjwa 1,725. Matokeo yalichapishwa mwaka 2011 katika PLoS ONE, ambapo yeyote anaweza kuyasoma bila malipo. Katika muda huo walifariki wagonjwa 86, na vifo vilikuwa vingi zaidi kwa watoto wa chini ya miaka mitano. Nyuma ya kila tarakimu hapo kuna mtoto wa Kitanzania. Maana yake kwa mzazi ni kwamba miaka ya mwanzo ndiyo ya hatari, na anayegunduliwa mapema ndiye anayewahi kusaidiwa.

Dawa nazo zimepiga hatua. Dawa iitwayo haidroksiurea huufanya mwili urudie kutengeneza himoglobini ya utotoni, ile aliyokuwa nayo mtoto tumboni, ambayo haina kasoro hii. Ilikuwa ikitumika Ulaya na Marekani, lakini madaktari walihofia kuwa katika nchi zenye malaria huenda ikadhuru. Utafiti uliofanyika Kinshasa, Luanda, Kilifi na Mbale, uliochapishwa mwaka 2019 katika New England Journal of Medicine, ulijibu hofu hiyo. Watoto 606 walitumia dawa. Vipindi vya maumivu vilipungua zaidi ya nusu, malaria ilipungua kwa nusu, na vifo vilipungua pia.

Kuhusu kuponya kabisa, ipo njia ya kupandikiza uloto kutoka kwa ndugu anayelingana na mgonjwa. Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, ilianza kuwafanyia hivyo watoto wenye selimundu mwaka 2023. Mwishoni mwa mwaka huo huo Uingereza na Marekani ziliidhinisha tiba ya kurekebisha jeni ndani ya seli shina za mgonjwa mwenyewe. Bei yake Marekani ilitajwa kuwa dola milioni 2.2 kwa mgonjwa mmoja. Tunamuomba Allah aijaalie iwe nafuu. Lakini tusikae tukaisubiri, kwa sababu yapo mengi yanayowezekana leo.

SISI WA CHUNYA TUFANYE NINI?

Wapo wanaosema, "Sisi ni watu wa nyanda za juu, selimundu ni ya watu wa pwani na wa ziwani." Usemi huo hautufai. Chunya ni mji wa dhahabu. Tangu miaka ya 1920 na 1930 watu wamekuja hapa kutoka kila pembe, wakaoana na kuzaliana. Jeni husafiri na watu. Basi tunausia yafuatayo:

Kwanza, wazazi wasilaumiane. Mtoto huugua pale anapopokea jeni ya selimundu kwa baba na kwa mama, wote wawili. Wazazi hao huwa wabebaji wazima kabisa, hawajui. Kumwacha mke au kumsingizia shangazi uchawi kwa sababu hiyo ni dhulma.

Pili, vijana wapime kabla ya nikahi. Wabebaji wawili wakioana, katika kila mimba kuna uwezekano wa moja kwa nne wa kupata mtoto mgonjwa. Siyo kwamba wa kwanza akiugua basi watatu wanaofuata watasalimika, hapana, kila mimba ina hesabu yake. Na mfahamu kuwa kipimo chepesi cha awali humwonyesha mbebaji na mgonjwa kwa namna moja, hivyo ulizeni kipimo cha pili kinachowatofautisha. Zahanati isipokuwa nacho, iwaelekeze kilipo. Hatusemi wabebaji wawili ni haramu kuoana. Tunasema wajue, wamuone daktari, kisha waamue.

Tatu, mtoto mgonjwa anywe maji mengi, avae nguo nzito hasa baridi ya Juni na Julai, alale ndani ya chandarua, na asikose kliniki wala dawa zake. Baridi, kiu na homa ni miongoni mwa mambo yanayoamsha maumivu. Akipata homa kali, akipumua kwa shida, akilegea upande mmoja wa mwili au akipauka ghafla, apelekwe hospitali saa ile ile. Kazi za kubeba mawe machimboni au kushinda kwenye shamba la tumbaku si za mtoto yeyote, seuze huyu.

Nne, hapa madrasa. Mwanafunzi mwenye selimundu huhitaji kunywa maji mara kwa mara na kutoka kwenda haja ndogo mara kwa mara, kwa sababu figo zake hazihifadhi maji vizuri. Sisi walimu tumruhusu bila maswali, tusimchape kwa kuchelewa wala kumwita mvivu. Nanyi wanafunzi msimcheke kwa macho yake ya njano.

Tano, Ramadhani. Kukaa bila maji kutwa nzima kunaweza kumletea mgonjwa huyu maumivu makali. Qur'an yenyewe imempa mgonjwa ruhusa ya kutofunga. Mzazi amuulize daktari anayemtibu mtoto, kisha amuone sheikh juu ya kulipa au kutoa fidia. Kupokea ruhusa ya Allah si udhaifu wa imani.

Sita, dua na dawa vinakwenda pamoja. Msomeeni mtoto Qur'an, muombeeni shifaa, na mpeni vidonge vyake. Anayewaambia mwache dawa za hospitali, muulizeni: umewatibu wangapi, nani amehesabu, na waliofariki wameandikwa wapi? Akikosa jibu, mmeshapata jibu.

Mwisho, wanafunzi wetu wapenzi. Mmeona kuwa watafiti wa Muhimbili, Kilifi na Mbale ni watu wa huku huku kwetu na waliokuja kufanya kazi nasi. Mlolongo huu haujafungwa. Someni Kiarabu chenu, someni na Kiingereza, msikimbie biolojia na hesabu. Huenda mpokezi anayefuata katika isnadi hii ya chembe nyekundu amekaa leo kwenye mkeka wa madrasa yetu.

Tunamuomba Allah awape shifaa wagonjwa wetu, awape subira wazazi wao, na atujaalie elimu yenye manufaa. Amin.

Wabillahi tawfiq.